Maisha ya Kanoni Apolo Kivebulaya

Jina hili la Kivebulaya lilianza kama utani, tena utani wa koti. Kwa Kiganda maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Mwenyewe alikuwa Mganda kwa baba na mama, ila alipenda kuvaa koti jekundu la askari wa Kiingereza juu ya kanzu yake nyeupe, na koti lile ndilo lililompa jina. Likamganda mpaka kaburini. Twalitaja koti mapema kwa sababu wengi wetu tukisikia habari za watumishi wa Mungu wa zamani hudhani walikuwa watu wenye nyuso za matanga. Apolo alikuwa mtu wa furaha na kicheko. Waliomjua na kuandika habari zake wanakubaliana katika hilo. Swali letu ni kwamba kicheko hicho alikitoa wapi, maana ukitazama yaliyompata huoni mengi ya kuchekesha.

Twauliza kwa kuwa tumeulizwa. Majuma machache yaliyopita kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyepangiwa kwenda kuwa mwinjilisti katika kituo kilicho mbali na barabara, alikuja nyumbani jioni. Alituamkia, akakaa, akanyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza mtu ajuaje kama ameitwa, ikiwa hajaota ndoto yoyote wala kusikia sauti, na ikiwa ile furaha ambayo wenzake huishuhudia kanisani yeye haioni moyoni mwake. Hatukuwa na jibu la kumpa papo hapo. Tulichofanya ni kumsimulia habari za Apolo. Haya ndiyo tuliyomsimulia, pamoja na mengine tuliyoyasahau jioni ile.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, naye alikuwa pacha. Jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ujana wake uliangukia miaka ya misukosuko mikubwa. Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia katika jumba la Kabaka, wamisionari wa CMS wakafika mwaka 1877, na mapadre wa Kikatoliki mwaka 1879. Kijana wa siku hizo alizungukwa na walimu wa kila namna, kila mmoja akimvuta kwake. Waswa alikaa kwa mganga kujifunza uganga, akawa upande wa Waislamu, akavuta bangi, na vita vya dini vilipozuka Buganda mwaka 1888 naye alishika silaha. Hakuwa miongoni mwa wale vijana mashujaa waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, ingawa alikuwa rika lao. Wenzake walipokuwa wakifia imani, yeye alikuwa bado akitangatanga.

Lakini alikuwa amemsikia Alexander Mackay akifundisha. Mackay ni yule fundi wa Kiskochi aliyefyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1877, naye alifukuzwa Buganda mwaka 1887, akafariki kwa homa Usambiro, upande wetu wa ziwa, Februari 1890. Hakupata kuona mbegu yake ikiota kwa Waswa. Tangu afukuzwe hadi Waswa alipobatizwa ilipita miaka minane. Sisi tuliofundisha watoto twalipenda sana jambo hili, maana ni mara chache mwalimu kujua ni mtoto yupi wa dawati la nyuma aliyekuwa akisikiliza.

Katikati ya miaka hiyo, mwishoni mwa 1893, Kanisa la Buganda lilipata uamsho. Ulianza kwa George Pilkington, mmisionari msomi na hodari wa lugha, ambaye alichoka na kazi yake mwenyewe, akaenda peke yake katika kisiwa cha Kome kuomba, akarudi mtu mwingine. Baada ya uamsho huo walimu wengi wa Kiganda walijitoa kwenda katika nchi za jirani. Waswa alibatizwa mwaka 1895 akachagua jina la Apolo, yule Myahudi wa Aleksandria anayetajwa katika Matendo ya Mitume, mwenye bidii, aliyehubiri kabla hajaelewa yote akafundishwa zaidi na Prisila na Akila. Alichagua vizuri. Mwaka huo huo naye akatumwa Toro, upande wa magharibi, chini ya milima ya Rwenzori.

Ng'ambo ya milima hiyo, ukiisha kuvuka bonde la mto Semliki na kupanda ukingo wa pili, kuna mahali paitwapo Boga. Leo ni mkoa wa Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtawala wake aliitwa Tabaro. Walimu wawili wa Kiganda, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata, walikuwa wamekwisha kufika huko, lakini walinyimwa chakula mpaka njaa ikawarudisha. Mwaka 1896 ikawa zamu ya Apolo.

Hapa msomaji na ajue desturi ya Waganda wa zamani. Kulima ndizi na kushika jembe ilikuwa kazi ya mwanamke. Mwanamume aliyeheshimika hakuonekana shambani ameinama, sembuse mwalimu mwenye kitabu. Apolo alishika jembe. Alilima bustani yake akala jasho lake, basi Tabaro akawa amepokonywa silaha aliyowashindia wale wawili wa kwanza. Twadhani watu wa Boga walishangazwa na jembe lile kuliko mahubiri.

Walakini Tabaro alikuwa na silaha nyingine, na tusimsimulie kana kwamba alikuwa mnyama. Alikuwa mtawala katika nchi yake. Akaja mgeni kutoka Buganda, taifa lililokuwa likipanuka pamoja na Waingereza, tena amevaa koti la askari, akawaambia watu waache pombe, watupe hirizi, na kila mwanamume awe na mke mmoja. Nyuma ya mgeni huyo kulikuwa na ngome ya Wazungu ng'ambo ya mto. Mtawala yeyote angeogopa. Tena Apolo hakuwa mpole katika mambo ya pombe na hirizi, bali aliyasema waziwazi na kwa ukali. Tabaro akaamuru apigwe, naye alipigwa vibaya sana.

Halafu likatokea jambo baya zaidi. Dada yake Tabaro alikuwa akisaidia kazi ya ujenzi wa Apolo, akaangukia mkuki uliokuwa umefichwa na majani, akafa. Ilikuwa ajali tupu. Apolo alishtakiwa kwa kifo hicho, akafungwa, akapelekwa safari ile yote ya kurudi kuvuka Semliki mpaka gerezani Fort Portal. Angalieni, wasomaji, jinsi mambo yalivyo. Aliyedhaniwa kuwa mtu wa Wazungu alifungwa katika ngome ya Wazungu. Koti halikumsaidia kitu.

Katika miaka hiyo ya taabu ndipo alipotaka kukimbia. Hilo alilisimulia yeye mwenyewe uzeeni, wala hakulificha. Alikuwa amekwisha kuwaza kuondoka. Usiku mmoja katika ndoto akamwona Yesu Kristo anang'aa kama jua, akimwambia asikimbie, awahubiri watu wake, asiogope kwa kuwa yupo pamoja naye. Apolo alisema kuwa tangu mwaka ule, alipohubiri, watu waliacha mambo yao ya zamani wakatubu.

Kijana wetu alipofika hapa alitikisa kichwa. Twajua alichokuwa akikiwaza. Apolo alipewa ndoto, na yeye hajapewa.

Basi ilitubidi tumweleze habari zetu wenyewe, ambazo hatukuwa tumekusudia kuzisema. Tulipotoka chuo cha ualimu miaka ya 1980 tulipelekwa shule moja ya mbali ambayo hatutaitaja. Nyumba ya mwalimu ilivuja, mshahara ulichelewa miezi mitatu, na watoto wa darasa la nne walikuwa hawajui kusoma. Wala ualimu hatukuuchagua kwa moyo. Tulikuwa tumetaka kazi nyingine tukakosa nafasi. Mwezi wa saba tulifunga sanduku letu la bati tukakaa barabarani kungoja lori la pamba. Lori halikuja siku ile, wala kesho yake, kwa kuwa mvua ilikuwa imekata njia. Jumatatu asubuhi watoto walipita wakatukuta tumekaa juu ya sanduku. Mmoja akalishika upande mmoja, mwingine upande wa pili, wakalirudisha shuleni wakidhani ndio kwanza twarudi safari. Tuliona haya kuwaambia ukweli. Tukaingia darasani. Hatukuona mwanga wowote kama jua, tuliona ubao na chaki. Furaha ya kazi ile ilikuja baadaye, polepole, wala hatuwezi kutaja siku.

Kijana akacheka, na kicheko hicho kilitufurahisha kuliko maneno yetu. Tukarudi kwa Apolo.

Apolo alifunguliwa, akarudi. Hakurudi Buganda kwao, ambako hapana ambaye angemlaumu. Alirudi Boga kwa Tabaro yule yule. Vitabu vinasimulia kipigo na gereza kwa kirefu, lakini juu ya jambo hili hupita haraka, na sisi twaona ndilo kubwa kuliko yote. Maana mtu aliyepigwa akirudi kwa aliyempiga, kijiji kizima hutoka nje kutazama atakuja na uso gani. Apolo alikuja na uso wake wa siku zote. Kanisa la Boga likaanza kukua. Na Tabaro mwenyewe mwishowe aliomba ubatizo, akaitwa Paulo. Jina hilo nalo lilichaguliwa vizuri, kwa mtu aliyelitesa Kanisa.

Mambo ya madaraka tutayasema kwa ufupi. Askofu Alfred Tucker alimweka Apolo kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alifanya kazi miaka mingi katika sehemu mbalimbali za Toro. Huku nyuma Wazungu wakawa wanagawana mipaka, na Boga ikaangukia upande wa Wabelgiji, ambako Kanisa letu halikuwa na nguvu wala mtetezi. Apolo alirudi huko miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, akakaa. Mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa Mwafrika wa siku hizo.

Hakuoa. Alikuwa na mchumba, naye akafariki kabla ya arusi, na Apolo akaamua kubaki hivyo kwa ajili ya kazi. Katika nchi ya watu walioupima utu uzima wa mwanamume kwa mke na watoto, hilo lilikuwa jambo la kuchekwa na pengine la kuonewa mashaka. Lakini nyumba yake haikuwa tupu. Ilijaa watoto aliowalea, wanafunzi, wageni na watu waliokuwa hawana pa kwenda, na mapato yake madogo yaliishia kwao. Alipanda miti na bustani. Aliandika shajara kwa Kiganda, maneno machache tu kwa siku, kwamba leo amekwenda mahali fulani, leo amefundisha fulani. Mtu atafutaye humo mafumbo ya kiroho hatayapata mengi.

Twafika sasa kwenye jambo ambalo kwalo Apolo anajulikana mbali zaidi. Magharibi ya Boga unaanza msitu wa Ituri, mkubwa na mzito, na ndani yake wanaishi Wambuti, ambao ni wawindaji na wakusanyaji wa asali na matunda ya msitu. Wao hukaa katika kambi ndogo za vibanda vya majani na kuhama kufuata mawindo. Sisi shuleni tulifundishwa kuwaita mbilikimo, na twakiri kwamba tuliwafundisha wengine hivyo hivyo, kana kwamba urefu wa mtu ndio habari yake yote. Wazungu waliandika vitabu juu yao kama mtu aandikavyo juu ya tumbili, na majirani zao wakulima, waliobadilishana nao ndizi kwa nyama, waliwahesabu kuwa watumwa wao. Hata Wakristo wa Boga hawakudhani kwamba Injili iliwahusu watu hao.

Mwaka 1921 Apolo alikuwa na umri wa miaka 57 hivi. Ndio umri ambao mtu huanza kuhesabu siku za kustaafu, nasi twausema kwa kuwa tumeupitia. Akaota tena. Safari hii Kristo hakuja kwa mwanga wa jua, bali alisimama karibu yake kama mtu, kama ndugu amsimamiavyo ndugu yake, akamwambia aende akahubiri msituni kwa kuwa yupo pamoja naye. Basi mzee akaenda. Alitembea kwa miguu katika njia za tope na mizizi, akakaa chini katika kambi zao, akala walichokula, akajifunza maneno yao. Kazi ilikuwa ngumu kwa namna ambayo hata kasisi wa leo mwenye pikipiki angeielewa. Huwezi kujenga kanisa kwa ajili ya waumini ambao mwezi ujao watakuwa mahali pengine. Mwalimu huna budi kuwafuata, au kuwa na watu watakaokaa ukingoni mwa msitu na kungojea. Apolo alifanya yote mawili. Alibatiza Wambuti wa kwanza wa Kanisa letu, na Injili ya Marko ikatiwa katika lugha ya msituni. Mtu aliyekuwa amedharauliwa kwa kutokuwa na mke aliketi pamoja na watu waliodharauliwa kwa kuwa wafupi, na wasimulizi wanasema kulikuwa na kicheko kingi.

Je, alikitoa wapi? Tulipokuwa vijana tulidhani alicheka kwa kuwa ndoto ilimwondolea woga. Sasa hatudhani hivyo. Baada ya ndoto, taabu zake hazikwisha. Njaa, homa, matope na mabwana wa mipaka vyote viliendelea kuwapo. Twadhani kwamba mtu aliyekwisha kufunga mzigo ili akimbie, kisha asikimbie, huwa hana tena cha kuficha. Watu wakimcheka, anacheka nao. Pengine tumekosea. Kasisi wetu, tulipomwambia wazo hili, alisema kuwa tumesahau sala, kwa maana Apolo aliamka alfajiri kuomba. Huenda yeye ndiye mwenye haki.

Mwaka 1933 moyo wa Apolo ulidhoofika. Aliugua, akajua mwisho umekaribia, na hakutaka kufia penginepo isipokuwa Boga. Alifariki huko tarehe 30 Mei 1933. Aliacha maagizo juu ya kaburi lake. Alikataa desturi ya jinsi ya kulazwa maiti, akataka kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ya upande huo ilikuwa haijakwisha. Walifanya kama alivyoagiza.

Kwa miaka mingi Waanglikana wa Kongo walikuwa hao wa Boga na vijiji vyake tu, jamii ndogo iliyosahauliwa. Baada ya uhuru wa 1960 watu walianza kwenda mijini kutafuta kazi, wakaenda na Kanisa lao. Mwaka 1972 ikaanzishwa Dayosisi ya Boga, askofu wake wa kwanza akiwa Philip Ridsdale, na mwaka 1992 Kongo ikawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake. Ukienda leo mashariki ya nchi hiyo utakuta ibada yetu ikisomwa kwa Kiswahili, nawe utaweza kuitikia bila taabu. Kanisa la Uingereza nalo limeweka jina la Apolo katika kalenda yake, tarehe 30 Mei.

Tungependa kuishia hapo, lakini haitakuwa haki. Nchi ya Ituri imepita katika vita tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Tarehe 31 Mei 2021, siku moja baada ya siku ya Apolo, watu wenye silaha walivamia Boga na Tchabi iliyo jirani, wakaua watu zaidi ya 50. Maelfu walikimbia. Tulisita kama tumwambie kijana wetu jambo hili, naye akiwa amekuja kutafuta furaha. Tukamwambia. Alinyamaza tena kwa muda mrefu, kisha akauliza kama katika Boga bado wapo wanaosali, tukamwambia kwamba dayosisi ipo na maaskofu wameendelea kuwekwa.

Anaondoka Alhamisi ijayo, Mungu akipenda. Hajatuambia kama amepata jibu, wala hatukumwuliza. Juzi alipita asubuhi kuaga, akauliza kama tunalo jembe la ziada. Lipo, ila mpini wake umelegea, na ameahidi kuukaza mwenyewe.